Muzee wa Hangari: maisha ya Pierre Romain-Desfossés (1887–1954)

Katika namba hii tunawaletea habari ya mutu aliyeishi hapa hapa katika muji wetu, akafanya kazi hapa, akafa hapa. Watu wanaosoma mambo ya uchoraji kule Paris na Brussels wanalijua jina lake vizuri. Lakini sisi wenyewe, tulipoulizana katika kalasi, kumbe wengi hatukupata kulisikia hata siku moja. Majina ya wachezaji wa TP Mazembe, wa zamani na wa sasa, tunayataja kwa kichwa bila kukosea. Basi tumeona ni vizuri kujua na hili.

Jina lake ni Pierre Romain-Desfossés, Mufaransa. Yeye njo alifungua, mwaka wa 1946, nyumba ya wachoraji iliyoitwa Hangari. Tunasema juu yake kama mukusanyaji, lakini hakuwa mukusanyaji wa namna ya kawaida, na kwanza tueleze tofauti.

Katika Ulaya kuna watu wenye feza ambao kazi ya moyo wao ni kununua tablo. Wakusanyaji wale wa kwanza wa tablo za kisasa walichekwa na jirani zao, kwa sababu walinunua vitu ambavyo watu wengine waliviona ni vibaya, au ni michezo ya watoto. Walitazama kitu, wakasema ndani yao kwamba hiki ni kizuri, wakatoa feza, wakangoja. Miaka 20 au 30 ikapita, na wale waliocheka wakaja kulipa tiketi ili waone.

Kwetu Katanga mambo yalikuwa mengine. Wazungu wa kwanza walikusanya sana, lakini walikusanya vitu, hawakukusanya majina. Walichukua viti vya wafalme, masanamu, vifuniko vya uso, wakavipeleka Ulaya. Juu ya kikaratasi waliandika jina la kabila na jina la inchi, na mara nyingi jina la fundi aliyechonga halikuandikwa. Mutu yule alikuwa na mukono wake, na jicho lake, na watu wa kijiji walimujua, lakini kitu chake kilipopita bahari jina lilibaki nyuma.

Kisha, mwaka wa 1926, kukatokea jambo jipya kule Bukama, pale njia ya gari la moshi inapofika kwenye muto Lualaba. Mubelgiji mumoja mutumishi wa serkali, jina lake Georges Thiry, aliona nyumba za udongo zilizochorwa juu ya kuta. Mwenye kuchora alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Thiry aliona kwamba mvua itaharibu kazi ile, akamupa Lubaki karatasi na rangi ya maji. Bibi wa Lubaki, Mama Antoinette, naye akachora. Karatasi zile zilikwenda Ubelgiji kwa Bwana Gaston-Denys Périer, karani mukubwa katika ofisi ya makoloni. Mwaka wa 1929 zilionyeshwa Brussels, na mwaka wa 1930 Genève katika Uswisi. Watu walistaajabu. Lakini muchoraji alikuwa Bukama na tablo zilikuwa Ulaya. Wakati wale wakubwa walipoacha kupeleka karatasi na rangi, kazi ilikufa. Tunataja habari hii mbele kwa sababu inaonyesha shida yenyewe: ukikusanya karatasi tu, mutu anabaki alipokuwa.

Romain-Desfossés alizaliwa mwaka wa 1887 kule Brest, bandari kubwa ya meli za vita upande wa magaribi wa Ufaransa. Alikua karibu na bahari, akawa ofisa, na tena alijua kuchora. Alifika kwetu Afrika akiwa mutu muzima kabisa. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Chad na Brazzaville zilikuwa zimesimama na Jenerali de Gaulle tangu mwaka wa 1940, na Wafaransa wengi walipita katika inchi zile. Yeye pia alipita huko, na mwisho wa safari yake ulikuwa Elisabethville, ndiyo kusema Lubumbashi yetu. Pamoja naye alikuja kijana wa kazi kutoka Chad, mutu wa kabila la Sara, jina lake Bela. Tumukumbuke huyu kijana, tutamurudilia.

Mwaka wa 1946 Romain-Desfossés alikuwa na miaka 59. Watu wengi wa umri ule wanangoja pansio na kukaa chini ya muti. Yeye alianza.

Tusisahau muji wenyewe ulikuwa namna gani siku zile. Elisabethville ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière ilikuwa baba na mama wa kila kitu: kazi, nyumba, posho, hospitali. Wazungu walikaa upande wao, weusi upande wao katika site. Mwezi wa 12 wa mwaka 1941 wafanyakazi waliomba mushahara uongezwe, wakakusanyika kwenye uwanja wa mupira, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa. Miaka mitano tu ilikuwa imepita wakati muzee huyu alipofungua mulango wake na kusema kwamba mikono ya watu weusi iko na kitu cha kufundisha. Maneno kama yale, katika muji kama ule, hayakuwa ya kila siku.

Hangari ilikuwa kama jina lake: nyumba kubwa ya kazi, si shule yenye madawati. Romain-Desfossés alitoa karatasi, mbao, rangi na burosi. Lakini kufundisha kwake kulikuwa kwa ajabu. Hakuweka sanamu ya Ulaya mbele ya watu ili waifuatishe. Hakuwafundisha kupima umbali kwa mistari kama wanavyofanya katika shule za Wazungu. Hakutaka watazame vitabu vya tablo za Ulaya. Aliwaambia watazame pori, maji, ndege, samaki, na wakumbuke mambo ya vijiji vyao. Kisha aliwaacha. Mutu alipochora kwa namna yake, muzee hakumurekebisha ili afanane na jirani. Alichokataa ni kuiga.

Sasa turudi kwa Bela. Kazi yake ilikuwa kazi ya nyumbani kwa muzee. Aliona tajiri wake anachora, naye akajaribu. Lakini Bela hakutumia burosi. Alichovya vidole katika rangi na kuviweka juu ya karatasi, doa baada ya doa, mpaka wanyama na watu na miti wakatokea. Fikirini jambo hili. Mutu mwenye nyumba anaona mutumishi wake amechafua vidole kwa rangi yake ya bei kali. Wangapi wangalikasirika? Wangapi wangalimukata feza mwisho wa mwezi? Romain-Desfossés alitazama karatasi mbele ya kutazama rangi iliyopotea. Kwa maoni yetu, pale njo tunaona moyo wa mukusanyaji. Na Bela akawa muchoraji ambaye jina lake linajulikana hata leo.

Wa pili ni Pilipili Mulongoy, mutu wa Katanga, aliyezaliwa mwaka wa 1914. Alipoingia Hangari alikuwa amepita miaka 30, hakuwa mutoto. Pilipili alichora ndege, samaki, nyoka, mamba, kanga. Ukiona tablo yake huoni mahali pa bure: majani na nukta na mistari midogo inajaza kila upande, kama majani ya pori wakati wa mvua. Nyoka anakuja kwenye kiota, ndege anafungua mabawa. Ni nzuri kwa macho, lakini ndani yake kuna vita ya kula na kuliwa.

Wa tatu ni Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka wa 1925. Yeye alichora kwa mistari mifupi mifupi, mumoja karibu na mwingine, mwingine unakwenda huku na mwingine kule, kwa rangi chache za udongo na za majani makavu. Mutu akitazama kwa haraka atazani ni mukeka uliosukwa. Watu wake wanawinda, wanacheza, wanabeba vitu, na miili yao imefanywa kwa mistari ile ile iliyofanya inchi nyuma yao.

Watatu hawa walikaa chini ya dari moja, walipewa rangi za sanduku moja, na tena walimusikiliza muzee mumoja. Hata hivyo mutu yeyote, hata mutoto wa darasa la kwanza, anaweza kutenga tablo za Bela, za Pilipili na za Mwenze bila kusoma majina. Na majina yenyewe yalikuwapo! Waliandika majina yao juu ya kazi zao. Kwa sisi wa leo ni jambo dogo. Kila mutu anaandika jina juu ya daftari lake. Lakini kumbukeni vile viti na masanamu vilivyopita bahari bila jina. Muzee alipouza tablo za Hangari na kuzionyesha Ulaya, wanunuzi walijifunza kusema Pilipili na kusema Mwenze. Walinunua kazi ya mutu, si kazi ya kabila tu.

Hapa tulibishana sana sisi wenyewe tulipotayarisha habari hii, na hatutaki kuwaficha ubishi wetu. Mumoja kati yetu alisema kwamba tunamusifu muzee huyu kupita kiasi. Alileta sababu mbili.

Sababu ya kwanza: Romain-Desfossés alijifanya baba wa wachoraji, nao walikuwa watoto wake. Lakini watoto gani wale wenye miaka 30 na zaidi, wenye mabibi na watoto wao? Rangi ilikuwa yake, nyumba ilikuwa yake, wanunuzi walipitia kwake. Mwenye kushika ufunguo anaweza kuwa mwema kabisa, lakini ufunguo ni wake. Sababu ya pili: yeye aliamini kwamba ndani ya kila Mwafrika kuna uzuri wa asili usiopaswa kuchanganywa na mambo ya Ulaya. Lakini nani alimupa kazi ya kusema nini ni ya Kiafrika na nini si ya Kiafrika? Watu wa Hangari waliishi katika muji wa shaba. Walisikia gari la moshi, waliona moshi wa kiwanda, walipanda baiskeli, walijua habari ya uwanja wa mupira wa mwaka 1941. Juu ya tablo zao tunaona zaidi samaki, ndege na wawindaji. Muji uko wapi? Profesa Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, alichunguza mambo haya katika vitabu vyake, naye alionyesha kwamba wazo lile la uzuri wa asili lilikuwa wazo la muzee mwenyewe mbele ya kuwa la wachoraji.

Wengine kati yetu walijibu. Walisema kwamba wakati ule mulango mwingine haukuwapo. Katika shule nyingi Mwafrika alifundishwa kuiga tu, na kazi yake ilihesabiwa nzuri kwa kadiri ilivyofanana na ya Muzungu. Muzee alikataa jambo hilo waziwazi. Tena walisema kwamba Pilipili na Mwenze hawakuwa udongo wa kufinyangwa. Kila mumoja alitoa mutindo ambao muzee asingaliweza kuutoa, maana yeye mwenyewe hakuchora hivyo.

Ubishi wetu haukwisha, lakini tulipatana juu ya neno moja. Kazi ya mutu kama huyu tuipime kwa kitu kilichobaki siku alipoondoka. Na hapa historia yenyewe inatoa jibu.

Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954 hapa Elisabethville, bila kurudi kukaa katika bandari yake ya Brest. Hangari ikafungwa. Ingaliweza kuwa sawasawa na Bukama: mukubwa hayuko, rangi hakuna, kazi imekufa. Lakini haikuwa hivyo. Tangu mwaka wa 1951 kulikuwa katika muji Akademia ya uchoraji iliyoanzishwa na Mubelgiji Laurent Moonens, naye akawapokea watu wa Hangari. Pilipili na Mwenze wakaingia mule, na wakawa walimu. Tunasema tena: walimu. Wale walioitwa watoto walisimama mbele ya wanafunzi wakafundisha.

Kisha uhuru ukaja mwaka wa 1960, na Katanga ikajitenga mpaka mwaka wa 1963, na risasi zikapigwa katika barabara za muji wetu. Wazungu wengi wakaondoka. Mwaka wa 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi. Katika mambo hayo yote wachoraji waliendelea. Mwenze alikufa mwaka wa 1999. Pilipili aliishi mpaka mwaka wa 2007, zaidi ya miaka 50 baada ya muzee wake. Hesabuni wenyewe: Hangari iliishi miaka 8 tu.

Katika Akademia ile alisoma pia Mode Muntu, mutoto wa muji huu, aliyezaliwa mwaka wa 1940. Watu wake wembamba wenye mikono na miguu mirefu wanajulikana leo mbali sana.

Na wale ambao hawakupita Hangari wala Akademia? Walitokea pia, na walijaza lile shimo ambalo Hangari iliacha. Miaka ya 1970 katika nyumba nyingi za Katuba na Kenya kulikuwa tablo juu ya ukuta wa saluni: mamba muntu na nywele zake ndefu, au watu wa gereza wanapigwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka wa 1947, alichora historia yote ya inchi yetu: wafalme wa zamani, Lumumba, vita ya Katanga, viwanda, wafanyakazi. Yeye njo alileta muji juu ya tablo. Profesa mumoja wa Kijeremani, Johannes Fabian, alinunua kwake tablo 101 za historia, na leo ziko katika nyumba ya makumbusho kule Amsterdam. Mutoto wa Lubumbashi akitaka kuziona zote pamoja, achukue ndege.

Vilevile mwaka wa 2015 kulikuwa onyesho kubwa kule Paris, katika nyumba ya Fondation Cartier, juu ya uchoraji wa Kongo tangu mwaka wa 1926. Walikuwamo Lubaki na bibi yake, Bela, Pilipili, Mwenze na Mode Muntu. Watu walipanga mustari kuingia. Sisi tunafurahi, kweli kabisa. Lakini furaha yetu iko na uchungu kidogo ndani yake. Mugeni anayetua kwenye Luano na kutuuliza kuhusu Pilipili anaweza kuona tunatazamana tu.

Hatusemi kwamba hapa hakuna kitu. Makumbusho ya Taifa iko katika muji wetu, na shule ya Beaux-Arts iko, na tangu mwaka wa 2008 vijana wa Picha wanatayarisha maonyesho makubwa ambayo wageni wanasafiri kuja kuyaona. Kwenda kuyaona kwa miguu hakuombi visa. Tunasema tu kwamba kazi ya kukusanya haiwezi kuwa ya wageni peke yao. Romain-Desfossés hakuanza na nyumba ya mawe wala na feza nyingi. Alianza kwa kutazama vizuri kitu ambacho mutu wa nyumba yake alikuwa amekifanya.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi aulize nyumbani kwao, hasa kwa babu na bibi: katika saluni yenu ya zamani kulikuwa tablo gani, na nani aliichora? Andikeni majibu mutuletee, hata kama ni mustari mumoja. Pili, kama tablo ya zamani bado iko, hata imepasuka, musiitupe wala kuifunikia mufuko wa makala. Iondoeni kwenye unyevu, na nyuma yake muandike jina la muchoraji na mwaka, kama munavijua. Tatu, tunawaomba walimu wetu waheshimiwa: wakimuona mwanafunzi anachora pembeni ya daftari wakati wa hesabu, wamwonye, ni haki yao, lakini mbele ya kupasua ile karatasi waitazame kidogo.

Kuanzia namba inayokuja, ukurasa wa mwisho wa gazeti hili utakuwa wa muchoro wa mwanafunzi mumoja. Muchoro uwe wake mwenyewe, usiwe wa kuiga kutoka kitabu. Na chini yake tutaandika jina lake lote.